Vifaranga Wangu na Mpunga wa Akinyi

Nikuulize wewe uliyeachiwa funguo zangu: mpunga unajuaje ni saa ngapi? Hauna saa, hauna simu, hausikii kengele ya shule. Na bado unajua. Ukiuchezea usiku wake hata kidogo, unakataa kutoa maua, unakaa hapo kijani kibichi unakuangalia. Mimi ilinichukua miaka kujua hivyo, na nilijua kwa kuharibu. Ndio nataka kuwaambia nyinyi mliobaki pale kazini, kabla na nyinyi hamjaharibu.

Mimi nimestaafu mwezi uliopita. Walinifanyia chai na mandazi, wakanipea blanketi na saa ya ukuta. Blanketi naielewa, Eldoret ni baridi. Lakini saa? Mtu amesukuma mpunga ndani kila jioni saa kumi na moja maisha yake yote, unampea saa ya nini? Hiyo saa kumi na moja mimi naisikia kwa mgongo. Shule nilifika darasa la tatu, kwa hivyo kama unatafuta maneno makubwa uliza wale madaktari. Haya ni yangu, na mjukuu wangu Shiku ndiye anaandika, mimi naongea nikimenya viazi.

Siku ya kwanza nilienda pale kwa kituo cha utafiti kuosha mikebe. Mtu wa kuosha alikuwa ameenda kujifungua, wakasema njoo wiki mbili. Basi hizo wiki mbili zimeisha mwezi uliopita. Aliyenipokea ni Mzee Cheruiyot, ndiye alikuwa mkubwa wa vibarua kwa greenhouse, ile nyumba ya nailoni. Akanipea ovaroli ya mtu mara mbili yangu, na gamubuti, zote mbili za kushoto.

Nikamwambia, "Mzee, hizi zote ni za mguu mmoja."

Akasema, "Zingine ziko na tundu. Chagua."

Nikachagua za kushoto. Akanipeleka ndani, kuna joto kama jikoni, na mikebe imepangwa kwa maji, na ndani ya kila mkebe kuna majani membamba yamesimama. Mimi nimetoka kwa watu wa viazi na mahindi. Mchele nilikuwa nimekula kwa harusi na Krismasi, lakini sijawahi kuona ukiwa bado haujavuliwa nguo. Nikainama, nikashika moja, nikauliza, "Mzee, hii nyasi niing'oe yote?"

Alinishika mkono mbio, hakuwa na adabu ya kungoja. "Mama Njoki, hiyo nyasi ukiing'oa, mimi na wewe leo tunaenda nyumbani na hatutarudi."

Hadithi hiyo aliisimulia mpaka siku aliyostaafu yeye. Kila mgeni akija: huyu hapa alitaka kupalilia mpunga, aondoe mpunga.

Watu huniuliza mpunga unatafuta nini Eldoret, mahali asubuhi unaweza kuona moshi ukitoka kwa mdomo wako. Hiyo ndio kazi yenyewe. Wale wenye kusoma walitaka kujua ukiupunguzia joto utafanya nini, ukiuongezea mwanga utafanya nini, upi unavumilia na upi unakufa. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuufungulia mlango na kuufungia. Inaonekana ni kazi ya kijinga. Ngoja.

Kesi ya kwanza ngumu ilikuwa ya baridi. Msimu wangu wa pili, Mzee aliniachia pazia, zile nailoni za pembeni unazikunja mchana hewa ipite, jioni unazishusha. Ilikuwa mwezi wa saba. Kuna jioni kama nne hivi mvua ilinikimbiza, nikaenda nyumbani Yamumbi bila kushusha upande wa nyuma. Sikusema kitu, kwa vile asubuhi nilipata mpunga uko sawa kabisa. Jani halijageuka rangi, shina halijalala. Nikasema moyoni, kumbe huu mpunga ni mgumu, wanaubembeleza bure.

Ukatoa masuke, mazuri, yamesimama kama askari kwa gwaride. Nikamwita Mzee aje aone kazi yangu. Yeye akachukua suke moja, akatoa punje, akaiweka katikati ya meno, akauma.

"Hewa," akasema.

Akauma ingine. "Hewa."

Akaniangalia. "Pazia ya nyuma ililala wazi siku ngapi?"

Nikajua nimepatikana. Hapo ndio alinikalisha kwa ndoo akanifundisha. Mpunga kabla utoe suke unabeba mimba. Suke liko ndani ya shina, limejikunja, halionekani. Mzee alikuwa anafinya shina na kidole gumba polepole kutoka chini kwenda juu, akifika mahali pamevimba anasema, huyu ana wiki moja, huyu siku tatu. Akitaka kuwa na hakika, anachukua wembe, anapasua shina moja tu kwa mkebe, anakuonyesha ndani: kitu kidogo cheupe, kama nyoya la kifaranga. Hapo ndio baridi inaingia. Haiui jani, inaua ile unga ya kiume kwa ua, na maua yakifunguka hakuna kitu cha kuyachavusha. Punje inabaki ganda. Kwa nje huoni kitu.

"Jani linaweza kukudanganya," Mzee aliniambia. "Wembe haudanganyi."

Ule wembe wake uko kwa droo ya kushoto, umefungwa kwa gazeti. Msiutumie kukata kucha. Namjua aliyefanya hivyo.

Tangu siku hiyo mimi na baridi tulikuwa maadui. Nilishusha pazia kabla ya wakati, niliziba matundu na magunia, nilikuwa naingia asubuhi kusoma themomita kabla sijavua koti. Kusoma vitabu siwezi sana, lakini themomita nasoma kuliko wengine wenye digrii. Na hapo ndio shida yangu ilianzia, juu mtu akishajua adui mmoja anadhani amewajua wote. Kwangu mimi kila kitu chenye joto kilikuwa rafiki ya mpunga.

Sasa ndio akaja Akinyi.

Akinyi alikuwa mwanafunzi, msichana wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, anacheka kwa sauti mpaka ndege wanaruka kwa mabati. Alikuja na kopo la majani chai, na ndani kulikuwa na mpunga wa nyanya yake. Si ule wa kununua dukani. Ni mbegu ya zamani nyanya yake alipanda kando ya kinamasi miaka yote, na majirani walishaacha, wakachukua zile mpya za kukomaa haraka. Nyanya alikuwa amekufa. Ghala lake likanyeshewa. Mbegu iliyobaki ni ile ya kopo, na imezeeka. Akinyi alipanda mia na kitu, zikaota thelathini na moja, kila moja na mkebe wake.

"Mama Njoki," aliniambia, "hizi thelathini na moja ndizo zote. Zikikataa, hakuna mahali naweza kwenda kuomba zingine."

Na chuo kilikuwa kimemwambia huo ndio msimu wake wa mwisho. Walishamwongezea muda mara mbili.

Huo mpunga wa nyanya ulikuwa na tabia yake. Ulitaka usiku mrefu. Hawa wengine hawajali sana, lakini huu usipopata giza la kutosha hautoi suke. Basi tukaujengea chumba cha giza: kuta mbili za mbao, katikati vumbi la mbao, ndani rangi nyeusi, heater ndogo kwa kona. Fundi mmoja wa mtaa wa Huruma akatutengenezea troli yenye magurudumu, ikisukumwa inalia kama nguruwe. Kazi yangu: saa kumi na moja jioni sukuma mpunga ndani, funga. Saa moja asubuhi toa nje. Masaa kumi ya mwanga, kumi na nne ya giza, kila siku, Jumapili pia. Akinyi alikuwa anafundisha shule mbali, anakuja mara mbili kwa wiki, mchana. Kwa hivyo chumba kilikuwa mkononi mwangu.

Sasa mimi wakati huo nilikuwa na vifaranga. Usicheke, Shiku, andika. Kuku wangu alikuwa ameangua kumi na wanane, na stima haikuwa imefika kwangu Yamumbi. Baridi ikachukua sita kwa wiki moja. Wale kumi na wawili nikawaweka kwa katoni nikawaleta kazini. Mchana wanakaa kwa jua nyuma ya stoo, kila mtu anawaona, Mzee mwenyewe anawarushia makombo. Hakuna aliyeuliza usiku wanalala wapi.

Walikuwa wanalala kwa chumba cha giza. Chini ya troli, kwa kona, mahali kuna soketi ya pili, mbali na ya heater. Nikawawekea ile balbu nyekundu ya vifaranga, nikaifunika na gunia nusu.

Mnisikilize vizuri hapo. Mimi sikuwa naiba, na sikuwa mjinga. Niliambiwa mwanga usiingie, na mwanga haukuingia! Nilikuwa nimeziba mlango na blanketi kuukuu, tundu la ufunguo nimeliziba na nta ya mshumaa. Ungeniletea balbu nyeupe humo ndani ningekufukuza na ufagio. Lakini nyekundu? Nyekundu si mwanga. Nyekundu ni joto. Huwezi kusomea, huwezi kushonea, hata sindano huoni. Kila mtu anayefuga kuku anajua hivyo. Na nikasema, mpunga nao utapata joto kidogo, mwezi wa saba unakuja, nitakuwa nimefanya mema mawili na stima moja.

Na ule mpunga ukanenepa! Ukawa mrefu, majani mapana, kijani cha kung'aa. Nilikuwa naupitia asubuhi nikijisifu. Mzee akaanza kuupitia na kidole gumba. Anafinya, ananyamaza. Wiki ifuatayo anafinya, ananyamaza.

Siku moja Akinyi alikuja na kitabu chake cha hesabu ya siku. Akasema, "Mzee, ungekuwa umebeba mimba wiki tatu zilizopita."

Mzee akampea wembe. Akinyi akapasua shina moja. Ndani ni jani, na ndani ya jani ni jani. Akapasua la pili, la mkebe mwingine. Jani. Alirudisha wembe kwa gazeti vizuri kabisa, akakunja, akakaa kwa ndoo. Yule msichana wa kucheka, hata kulia hakulia. Alikuwa anaangalia mikebe anaihesabu na midomo, kama mtu anahesabu watoto kwa soko.

Baadaye akasimama. "Kuna tundu mahali," akasema. "Mwanga unaingia. Mama, twende ndani, tufunge, tutafute."

Hiyo ndio njia ya kutafuta tundu, na mwendelee kuitumia: unaingia saa sita mchana jua likiwa kali, unafunga mlango, unakaa mpaka macho yazoee. Kama kuna tundu la msumari utaliona kama nyota. Tukaingia sisi wawili. Vifaranga walikuwa nje kwa jua, balbu nimeizima, iko chini ya gunia lake, katoni iko nyuma ya stoo. Tukakaa chini, mgongo kwa ukuta. Giza hilo, hata mkono wako hujui uko wapi.

Tukakaa. Hakuna nyota hata moja.

"Hakuna," Akinyi akasema. "Mama, umeziba vizuri sana. Kwa hivyo ni mpunga wenyewe. Labda nyanya alikuwa na kitu alifanya, na hakuniambia."

Hayo ndiyo yalinimaliza. Ati sasa anamlaumu nyanya yake.

Bado nilikuwa najiambia nyekundu si mwanga. Lakini moyo ulianza kugonga, na mimi najua moyo wangu haugongi bure. Kwa mwanga singeweza kusema. Kwa lile giza nikaweza.

"Akinyi."

"Naam, Mama."

"Kuna kitu huwa kinalala hapa."

"Kitu gani? Panya?"

"Vifaranga."

"Vifaranga wa nani?"

"Wangu. Wale kumi na wawili. Lakini hakuna mwanga, naapa. Ni balbu tu ya joto. Ile nyekundu."

Nikasikia akipumua. Kisha akauliza polepole sana, "Inawaka usiku wote?"

"Usiku wote."

"Nyekundu."

"Nyekundu."

Akasimama, akapapasa ukuta mpaka mlango, akafungua, akaenda. Mimi nikabaki nimekaa na jua limenimwagikia usoni.

Mzee Cheruiyot ndiye alikuja kunieleza, na hakunieleza kwa upole. "Wewe, kati ya rangi zote Mungu aliumba! Kama ungewasha ya kijani pengine ungepona. Usiku mpunga unaona nyekundu kuliko kitu chochote. Ukiiona tu, unasema, kumekucha. Wewe umeuambia kumekucha usiku wote, siku hamsini. Utatoa suke saa ngapi na hujauacha ulale?"

"Mzee, sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ningekupiga. Sasa utaenda kumwambia Daktari mwenyewe, ama niende mimi?"

Nikaenda mwenyewe. Daktari, yule msomi mkubwa wa kituo, alisema aliyosema, na hayo ni yake na yangu. Kazi haikuisha, mnaona nimestaafu. Kwa siku kadhaa nilijiona kama nimegundua kitu kikubwa cha mpunga na nyekundu, mpaka Daktari akanionyesha kwa kitabu: watu waliijua kabla mimi sijazaliwa. Basi, si kila mtu hupata kitabu.

Vifaranga walirudi Yamumbi siku hiyo hiyo, wakalala chini ya kitanda changu na chupa ya maji moto. Akinyi alirudi siku ya tatu. Hakunisalimia kwanza. Alichomoa ile soketi ya pili kutoka kwa ukuta na waya zake zote, akaniwekea mkononi.

"Mama, tuanze kuhesabu tena," akasema. "Leo ni moja."

Tulihesabu. Giza safi, kumi na nne. Lakini sasa tulikuwa tumechelewa, na mimba ikiingia itaingia na mwezi wa saba, na ile heater ilikuwa inategemea stima, na stima yetu mnaijua. Nikawaza zile punje za hewa za zamani. Mzee akasema tutafute mitungi. Nikakusanya ishirini, nikaipaka rangi nyeusi, nikaijaza maji. Mchana inakaa kwa jua inakunywa joto, jioni naisukuma ndani pamoja na mpunga, inautolea joto polepole mpaka asubuhi. Siku ya mawingu nilikuwa nachemsha maji kwa kuni. Stima ikipotea, themomita ndani haikushuka kunitisha. Mgongo ndio ulishuka, na haujapanda tena.

Siku ya thelathini na nne, Mzee alifinya shina akasimama hapo hapo. Aliniita na kidole. Nikaweka gumba langu mahali gumba lake lilikuwa. Pamevimba. Akinyi alitukataza tusipasue. "Hata moja," akasema, "hata moja hatuna ya kupasua." Kwa hivyo wembe ulikaa kwa droo, na sisi tukakaa na wasiwasi.

Mpunga hufungua maua kama saa nne asubuhi, kwa saa moja hivi, halafu unafunga kama duka. Asubuhi moja niliona vitu vidogo vya njano vinaning'inia kwa masuke, vimejaa unga. Nikampigia simu Akinyi darasani.

"Mama, kama ni mbaya usiniambie kwa simu."

"Kuja uone," nikamwambia, na hiyo sauti yangu ilikuwa imeshamwambia.

Si mashina yote yalijaza. Mikebe tisa ilikuwa hewa, naijua kwa hesabu, juu niliiuma mimi mwenyewe. Ishirini na miwili ilijaza, na kopo la majani chai likajaa mpaka mfuniko. Akinyi akamaliza masomo. Kwa kitabu chake aliandika kwamba kulitokea mwanga usiotarajiwa. Nikamwambia aandike vifaranga. Akasema, "Mama, maprofesa hawawezi kukubali vifaranga." Siku yake ya kuvaa lile joho nilimpelekea tetea, mmoja wa wale kumi na wawili, nimemfunga miguu na utepe.

"Huyu," nikamwambia, "ndiye alikuwa amekula digrii yako." Alicheka mpaka watu wa picha wakageuka.

Akinyi aliniletea mbegu siku ile ya chai yangu ya kustaafu. Punje kidogo kwa kiberiti, za mpunga wa nyanya. Nimezipanda kwa karai hapa Yamumbi, karibu na dirisha la jikoni. Sasa stima imefika hata kwangu, na jirani ameweka taa kubwa ya usalama, mwanga wake unaruka ukuta. Kwa hivyo kila jioni saa kumi na moja naufunika na katoni, na gunia juu yake, mpaka saa moja.

Shida ni moja. Binti yangu Njoki, wa Cheptiret, amejifungua, naenda kumpikia uji mwezi mzima. Hapa atabaki Shiku na baba yake, na baba yake hawezi kujua saa kumi na moja hata saa ya ukuta ikimwangukia. Basi nimemwambia Shiku, ni wewe. Unafunika, unaacha. Hufunui kuona kama umebeba mimba.

"Hata na tochi ya simu kidogo?"

"Hata."

"Na ile taa nyekundu kadogo ya remote?"

Nikamwangalia tu.

Ameacha kuandika sasa, anafikiria, ana miaka tisa na anajijua. Nilitaka aniapie kwamba hatachungulia. Akakataa. Akasema, "Cucu, hiyo siwezi kupromise. Lakini nikichungulia, nitakuambia siku hiyo hiyo."